Kuchomoza, Kutokeza, Kujitokeza: Nani Amesukuma?

Nimeombwa kuzungumzia neno moja la Kiswahili, nami nimechagua kitenzi ambacho kila mtu hapa Kanoni, Karagwe, anakitumia, kuchomoza, pamoja na ndugu zake wawili, kutokeza na kujitokeza. Niseme mapema ninachokitetea. Vitenzi hivi vitatu vinatofautiana hasa katika swali la nani amesukuma, na siku hizi tumekiachia kimoja, kujitokeza, kifanye kazi ya vyote. Hasara yake inaonekana kwenye vikao vyetu kuliko kwenye vitabu.

Tuanzie shambani. Mgomba tunaouona umesimama hauna shina la kweli. Ule mwili wake ni ala za majani zilizoshikana, moja ndani ya nyingine. Mkungu hauanzii juu. Unaanzia chini kwenye tunguu, usawa wa ardhi, halafu unapanda ndani kwa ndani, katikati ya zile ala, bila mtu kuuona. Mkulima mzoefu huusoma kwa dalili: jani la mwisho linatoka fupi kuliko wenzake, koo la mgomba linatuna, kisha siku moja ncha ya zambarau inaonekana kileleni. Hapo ndipo tunaposema mkungu umechomoza, na hakuna kitenzi kingine cha Kiswahili kinachokaa mahali hapo vizuri namna hiyo. Kitu kilikuwapo. Kilikuwa kimefunikwa. Kikasukumwa na uhai wake kutoka ndani mpaka ncha ikapita kifuniko. Hakuna aliyeuvuta.

Ukikagua matumizi mengine ya kila siku utakuta masharti ni yaleyale. Jino la mtoto huchomoza kwenye ufizi. Mche wa maharage huchomoza udongoni. Jua huchomoza nyuma ya mlima kwetu sisi, na kwa mtu wa Unguja au Tanga huchomoza baharini, lakini kote kuwili lilikuwa nyuma ya kitu. Mtu akisema "jua limetoka" hajakosea, ila amepoteza ule mlima au ile bahari iliyolificha. Kuchomoza kunakumbuka kifuniko.

Kuna jambo la pili, nalo ni la wakati. Kuchomoza ni tukio, lina saa yake. Mkungu ukishashuka, chane zikafunguka zote, ua dume linabaki likining'inia mwisho wa kikonyo kwa muda mrefu. Hakuna mkulima atakayesema kila asubuhi kwamba ua lile linachomoza. Limetokeza, limekaa nje ya mstari wa mkungu, liko pale. Ninyi mnajua gharama ya kulisahau. Tangu mnyauko bakteria ulipoingia mkoani Kagera mwaka 2006, ua dume limekuwa mlango wa ugonjwa: wadudu hulifuata, hubeba vimelea kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Ndiyo maana wakulima wameelekezwa kulivunja kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapokamilika, wala wasilikate kwa panga, kwa sababu panga lisilounguzwa motoni hubeba ugonjwa uleule kutoka shina hadi shina. Bwana shamba anayejua Kiswahili cha watu wake ataweza kutoa maelekezo mawili kwa vitenzi viwili: mkungu ukichomoza, anza kuhesabu chane, ua likishatokeza chini ya chane ya mwisho, livunje.

Sasa tuingie kwenye mzizi. Kitenzi cha asili ni kuchoma kwa maana ya kupenyeza ncha: mwiba humchoma mtu, mkuki humchoma mnyama, muuguzi huchoma sindano. Kutoka hapo tuna kuchomeka, yaani kuingiza kitu mahali kikae. Leo tunachomeka simu kwenye chaji, na walimu wanawahimiza wanafunzi wachomekee mashati. Kiswahili kina kawaida ya kugeuza tendo kwa irabu: funga ikawa fungua, ziba ikawa zibua, na choma ikawa chomoa. Kuchomoa ni kutoa kilichokuwa kimechomekwa. Kuchomoka ni kutoka chenyewe: shati limechomoka, mpini umechomoka kwenye jembe. Vijana wameongeza lao: "amechomoa" kwa maana kwamba amekataa, amejitoa kwenye makubaliano. Silikatai. Limefuata mantiki ya mzizi kwa uaminifu kabisa. Na mwisho wa ukoo huo ndipo alipo kuchomoza.

Mnaweza kuona tofauti hizi ni za darasani tu. Basi nendeni nami mpaka kwenye kidonda. Mtu ameanguka kutoka juu ya mti, kijiti kimemwingia pajani na kipande chake kinaonekana nje. Kwa Kiswahili sahihi, kijiti kimemchoma, na sehemu yake imetokeza. Anayetoa huduma ya kwanza anajua kanuni moja kubwa: usikichomoe. Kijiti kile huenda ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Ukikivuta, damu inafunguka pale barabarani, mbali na hospitali. Kinachotakiwa ni kukizungushia vitambaa vilivyokunjwa ili kisitikisike, kumtuliza mgonjwa, na kumpeleka kwa mganga. Mwenzake ameanguka vibaya zaidi, mfupa wa mguu umevunjika na ncha yake imepita ngozi. Huo ndio mfupa uliochomoza, kwa kuwa umetoka ndani. Kanuni ni ya aina ileile: usiurudishe, funika kwa kitambaa safi, funga mguu usicheze. Mtu wa kwanza kilimwingia kitu cha nje. Wa pili kimemtoka kitu chake mwenyewe. Ukipiga simu zahanati ukasema tu "kuna kitu kimejitokeza mguuni", muuguzi hajui ajiandae kwa lipi. Ukisema "kimemchoma kijiti na kimetokeza" au "mfupa umechomoza", tayari ameanza kazi kabla hujafika.

Kutokeza, kama mlivyoona, kunahitaji mstari. Kitu kinatokeza pale kinapovuka ukingo wa vitu vingine: ukuta, foleni, ubavu wa gari. Mbao ndefu kwenye lori zinatokeza nyuma, na dereva mwangalifu hufunga kitambaa chekundu kwenye ncha ili anayemfuata asizivae. Kwenye mabasi abiria huonywa wasitokeze vichwa wala mikono madirishani. Nyumba nyingi mpya za Kayanga na Omurushaka zina nguzo zenye nondo zilizoachwa zitokeze juu ya zege, kwa sababu mwenye nyumba ana nia ya kupandisha ghorofa atakapopata fedha. Pwani wana msamiati wao mzuri wa mambo haya. Ardhi iliyotokeza baharini ni rasi, neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa, na ndivyo tunavyosema Rasi ya Msasani. Sehemu ya ghorofa iliyotokeza juu ya njia ni roshani, na yeyote aliyetembea Mji Mkongwe wa Unguja amepita chini ya roshani za mbao zilizochongwa. Sisi wa bara tulijifunza maneno hayo shuleni, kwa kuwa Kiswahili sanifu kilisimikwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilitoka katika kazi hiyohiyo ya usanifishaji. Ni urithi wetu pia. Lakini vilima vyetu navyo vina haki ya kutoa mifano. Migongo hii mirefu ya Karagwe na Kyerwa imesimama kwa sababu ya miamba migumu ya kwatzaiti ambayo mvua haiili upesi, wakati miamba laini iliyo kando yake ililika ikawa mabonde. Mahali udongo ulipokwisha, mwamba umechomoza. Mahali mgongo mzima unapouvuka usawa wa bonde, umetokeza. Mwalimu wa jiografia hapa Kanoni hahitaji kusubiri picha ya rasi kwenye kitabu.

Mwilini lugha inabadilika kulingana na heshima. Kifua hubenuliwa na mwenye kujigamba. Macho hukodolewa. Kitovu cha mtoto kilichochomoza ni jambo la kumwonyesha mganga, kwa kuwa huenda ni ngiri. Meno ya mbele yaliyotokeza ni maelezo tu ya sura, ila mkiyageuza kuwa jina la utani la mwanafunzi, mmemfungia mtoto huyo mdomo darasani kwa miaka, na nawaomba walimu mlikomeshe hilo pale linapoanza. Wazee wana msemo kwa kijana mwenye kiburi: ameota mapembe. Katika nchi inayofuga ng'ombe wa pembe ndefu, kila mtu anaiona picha hiyo bila kufafanuliwa.

Niwaombe uvumilivu kidogo kwa sarufi, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Kiambishi kile cha z katika vitenzi vyetu, mara nyingi, ni cha kusababisha. Potea, poteza. Sogea, sogeza. Enea, eneza. Jaa, jaza. Kwa njia hiyohiyo tokea imezaa tokeza, na chomoa, kwa umbo, imezaa chomoza. Basi tungetarajia kila anayetokeza awe anakitokeza kitu, na kweli tunasema "ametokeza kichwa dirishani": kuna mtu, kuna kichwa, mtu amekisukuma kichwa. Ila tunasema pia "jiwe limetokeza" na "jua limechomoza" bila kutaja chochote kilichosukumwa. Umbo ni la kusababisha, lakini mtendwa hayupo. Lugha imeridhika kwamba nguvu iko ndani ya kitu chenyewe. Halafu inakuja ji. Kujitokeza ni kujisukuma mwenyewe nje ya mstari. Aliyesukuma na aliyesukumwa ni mmoja. Kitenzi hicho kwa asili yake kinadai mwenye nia, mwenye miguu ya kusogea mbele na mwenye uwezo wa kubaki alipo kama angetaka.

Kwa mkoa huu wa Kagera, kitenzi hicho kimebeba uzito ambao pengine mikoa mingine haikuupata. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mazishi, ya mashamba yaliyobaki na watoto na mabibi, na ya minong'ono. Katika minong'ono hiyo hakuna aliyetaka kuonekana. Kujitokeza kupima kulikuwa na maana kamili ya neno: mtu kujisukuma, kwa miguu yake, kutoka kwenye safu ya majirani wanaomtazama. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipima hadharani jijini Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji wa hiari. Walichofanya kilikuwa kusogeza mstari wenyewe, ili anayefuata asiwe peke yake nje yake.

Tumeyaona tena kwa karibu wakati wa ugonjwa wa Marburg. Ugonjwa ulitangazwa Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba, na Januari 2025 ukatangazwa Biharamulo. Mara zote mbili wahudumu wa afya walikuwa na kazi mbili tofauti na walihitaji vitenzi viwili. Watu waliokuwa na mgonjwa walitafutwa, wakaorodheshwa na kufuatiliwa kwa siku 21. Mwenye dalili ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote, huyo aliombwa ajitokeze. Wa kwanza anatafutwa, wa pili anakuja. Mlipuko hauishi kwa kutafuta peke yake. Unahitaji mtu mwenye homa, nyumbani kwake, aamue. Ninapomsikia mtu akilitumia neno hili kwa jambo lisilo na uamuzi wowote, nawafikiria watu hao, na naona neno lao linachakazwa.

Upande wa pili wa kujitokeza ni siasa. Wakati wa uchaguzi tunasikia kwamba wanachama kadhaa wamejitokeza kuchukua fomu. Ni matumizi sahihi kabisa; mtia nia amejisukuma mwenyewe. Lakini ardhi hii ya Karagwe ina simulizi ya zamani inayolitazama jambo hilo kwa namna nyingine, na inasikitisha kwamba wengi wa vijana wetu hawajawahi kuisikia, ingawa jina la Rumanyika, mfalme wa zamani wa hapa, limo kwenye hifadhi ya taifa iliyopandishwa hadhi mwaka 2019.

Mwezi wa Novemba 1861, wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe na kupokelewa na Omukama Rumanyika. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, Speke anaeleza aliyosimuliwa juu ya namna Rumanyika alivyopata ufalme. Baba yao alipofariki, wana watatu waliudai, mmoja wao akiwa Rogero, ambaye baadaye aliendelea kumsumbua nduguye kwa vita. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo iliyojazwa dawa. Kwa macho ilikuwa nyepesi, lakini ndugu wawili walishindwa hata kuitikisa. Rumanyika akaiinua. Kukawa na mtihani mwingine. Mrithi alikalishwa mahali maalumu, na ardhi ikaanza kuinuka chini yake, ikampandisha juu, juu, mpaka mbinguni. Kama alikubaliwa kuwa ndiye, ardhi ilimshusha taratibu. Kama hakukubaliwa, iliporomoka ghafla naye akavunjikavunjika.

Simulizi hiyo nimeizungusha kichwani mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna nadharia nzima ya kutokeza. Aliyeketi hajajitokeza. Kilichochomoza ni ardhi. Yeye, kwa lugha yetu ya leo, ametokezwa: amewekwa juu ya usawa wa wenzake na nguvu isiyo yake, watu wakimtazama kutoka chini, na kushuka kwake salama kunategemea kukubaliwa. Kimo alichopewa hakikuwa zawadi. Kilikuwa mahali pa kupimwa. Wala sisemi turudi kwenye ufalme, na najua fika kwamba simulizi za namna hii husimuliwa na walioshinda. Rogero angekuwa na yake. Nasema tu kwamba wahenga wa hapa walifikiri kwa kina juu ya mtu anayeonekana kuliko wenzake, wakauliza ni nani aliyemwinua. Kiswahili nacho kina neno kwa anayejiinua bila kuitwa: ana kimbelembele. Kati ya kujitokeza na kimbelembele kuna umbali mdogo, na kinachoamua ni haja ya wengine. Anayesogea mbele kwa sababu kuna mgonjwa wa kubebwa amejitokeza. Anayesogea mbele kwa sababu kuna kamera ana kimbelembele.

Niseme neno juu ya Runyambo, lugha yetu ya nyumbani, kabla sijafika kwenye vikao. Mtoto wa Kanoni anapoingia darasa la kwanza tayari ana vitenzi vyake vya mkungu, vya jino, vya jua na vya jiwe. Havilingani kimoja kwa kimoja na vya Kiswahili, na mwalimu anayesahihisha kila kitu kuwa "imejitokeza" anamfundisha mtoto kwamba lugha mpya ni maskini kuliko ile aliyoiacha nyumbani. Tunayo bahati ambayo jamii nyingi hazina: Profesa Josephat Rugemalira, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa msamiati wa Runyambo wenye Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, kisha sarufi ya Runyambo mwaka 2005. Vitabu hivyo vinapaswa kuwa kwenye kabati la kila shule ya Karagwe na Kyerwa. Mwalimu akiwa navyo anaweza kumtuma mwanafunzi akamwulize bibi yake kitenzi cha mkungu unapoanza kuonekana, akilete, wakiangalie pamoja, kisha watafute ndugu yake wa Kiswahili. Kuchomoza mara nyingi ndiye atakayepatikana.

Na sasa vikao. Nimesoma mihtasari mingi ya vikao katika maisha yangu ya kazi, ya shule, ya vyama vya ushirika, ya kamati za maji. Kuna sentensi inayorudi kila mahali kwa sura tofauti. Kumejitokeza upungufu wa fedha. Makosa yaliyojitokeza katika ununuzi. Changamoto zilizojitokeza wakati wa ujenzi. Mgogoro wa mpaka umejitokeza. Rudini kwenye sarufi tuliyoiona. Kujitokeza kunadai mwenye nia. Upungufu wa fedha hauna miguu, na hakuna siku uliyoamka ukaamua kusogea mbele ya kamati. Kwa kuupa kitenzi cha mwenye nia, tumemwondoa mwenye nia wa kweli. Kama mbao ziliagizwa 60 zikafika 40, kuna aliyezipokea, kuna aliyesaini, kuna aliyelipa. Sentensi yenye "upungufu umejitokeza" imewafuta wote watatu kwa kitenzi kimoja, na imefanya hivyo kwa adabu kiasi kwamba mkutano mzima unapiga makofi na kuendelea na ajenda inayofuata.

Naelewa inakotoka. Katibu wa kikao anaandika akiwa amekaa kando ya mjumbe ambaye ni shemeji yake, au mzee aliyemlea, au mtu atakayemhitaji kesho kwenye msiba. Kiswahili kina njia nyingi za kupunguza ukali, na ni lugha bora kwa sababu hiyo. Lakini adabu ina mahali pake na kumbukumbu ina mahali pake. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kijiji kina mkutano mkuu wa wananchi wote watu wazima, na kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wananchi hao. Mwananchi aliyesimama juani kusikiliza taarifa ana haki ya kusikia vitenzi vyenye wenyewe. Akisikia "kumejitokeza", anarudi nyumbani akijua kwamba jambo baya lipo, bila kujua amwulize nani. Ndipo minong'ono inapoanza, na minong'ono humtaja hata asiyehusika.

Kiswahili hakitunyimi njia. Jambo lisilo na mtu nyuma yake lina kitenzi chake, kutokea: ukame umetokea, mvua ya mawe imetokea, radi imepiga. Jambo lililokuwa limefichwa likaonekana lina vyake: limebainika, limegundulika, na ukitaka picha ya shambani, limechomoza, na ukishasema limechomoza, utaulizwa lilikuwa limefunikwa na nini, na na nani, ambalo ndilo swali lenyewe. Jambo lililofanywa na mtu litajwe kwa mtu: mhasibu hakuandika stakabadhi tatu, fundi alitumia saruji pungufu, kamati haikukagua mzigo ulipofika. Sentensi hizo hazina tusi ndani yake. Mtu akitajwa hivyo anaweza kujibu, akaeleza kwamba lori lilifika usiku, kwamba aliugua wiki ile, kwamba stakabadhi ziko nyumbani. Aliyefunikwa na "kumejitokeza" hawezi kujitetea hata kama hana hatia, kwa sababu hajatajwa, na kijiji kizima kinamjua.

Kuna mwalimu aliyeniuliza kabla ya mhadhara huu kama basi tulifute neno hilo kwenye mihtasari yetu. Hapana. Liachwe mahali linapostahili, na mahali hapo ni pengi. Shule inapojenga darasa jipya na wazazi wakaacha mashamba yao asubuhi wakaja na majembe kuchimba msingi, bila kulipwa na bila kulazimishwa na mgambo, katibu aandike kwa herufi zilizonyooka kwamba wamejitokeza. Halafu aache nafasi ya kutosha chini ya sentensi hiyo, aorodheshe majina yao yote, na mwenyekiti asaini mwisho wa orodha.